Nani aliwaambia Mandara ni matembezi ya wastani? Tunapanga tena Sabasaba, nisaidieni tusiaibike mara ya pili

#1 Soksi_Mbili (Moshi)

Wakuu salaam.

Tuna kikoba chetu hapa Moshi, watu 11, mdogo ana miaka 24 na mkubwa ni mama mmoja wa miaka 58. Mwaka jana tukasema faida kidogo tuitumie kutembea badala ya kumalizia kwenye nyama choma kama kawaida. Tukaambiwa nendeni Mandara, vibanda vya kwanza njia ya Marangu kupanda Kilimanjaro, asubuhi kwenda jioni kurudi, "ni ya wastani tu, hata wanafunzi wanapanda".

Wastani gani? Watu 3 waligeuza kabla ya nusu ya njia. Mweka hazina alifika, akakaa kwenye ngazi za kibanda, akatapika chai yote. Mimi kichwa kilianza kugonga nilipoona mapaa ya mabanda, kikaacha tukiwa tumeshafika Himo. Na yule mama wa 58? Tulimkuta juu kashamaliza ndizi zake, anapiga soga na wagumu (wabeba mizigo wa mlimani) kwa Kichaga, miguuni raba mtoni.

Nina maswali mawili. Kile kichwa kilitoka wapi, maana kila mtu kwenye kikundi ana jibu lake? Na Sabasaba hii turudi Mandara kulipiza, twende Materuni, au tuvuke kwenda mlima Meru? Nataka majibu ya waliofika kwa miguu, siyo waliofika kwa picha za status.

#2 Kiti_cha_Mbele

Naweka kambi hapa. Leteni karanga.

#3 Ngarenaro86 (Arusha)

Kichwa kilitoka Moshi, mkuu. Ninyi mnaishi bondeni. Mji wenu haufiki hata mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, sisi Arusha tunalala kwenye 1,400. Chalii wa Chuga akipanda Mandara anaona kama kaenda Sakina kununua mkate. Njooni Meru mfundishwe kupumua.

#4 Nesi_Mstaafu

Mwanangu Soksi, pole. Hicho ni kichwa cha mwinuko. Watu wanadhani juu oksijeni imeisha. Hapana, kwenye hewa inabaki ileile 21 kwa mia. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kwenye mita 2,700, ambako ndiko Mandara, unabaki kama robo tatu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kidogo kuliko mwili ulivyozoea. Madaktari huanza kuhesabu ugonjwa wa mwinuko kuanzia kama mita 2,500. Kichwa, kichefuchefu, mwili kulegea. Na dawa yake umeitaja mwenyewe: uliteremka, kikaacha.

Nawaomba sana, mtu akiumwa kichwa na kutapika, asimeze kidonge halafu aendelee kupanda. Ateremke. Akianza kuyumba kama mlevi, ateremshwe hata kama anakataa.

#5 Fundi_Saa

Mama Nesi shikamoo. Kwa heshima zote napinga kidogo. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huchelewa, unakuja saa 6 mpaka 12 baada ya kufika juu, ndiyo maana wapanda mlima wengi unawashika usiku wakiwa wamelala. Huyu kaumwa anafika! Na mita 2,700 ni mlangoni tu. Mimi nasema njaa na kiu. Mleta uzi, mlikula nini siku hiyo? Usitufiche.

#6 Soksi_Mbili

Mama Nesi, marahaba haiwezi kutoka kwangu, kwa hiyo shikamoo. Fundi, saa 11 alfajiri tulikunywa chai ya rangi na andazi moja moja. Baada ya hapo hakuna kitu mpaka juu. Maji kila mtu alikuwa na chupa ya nusu lita mkononi. Katoni kubwa alibeba jamaa mmoja, naye ndiye aliyegeuza wa kwanza. Akageuka nayo.

#7 Binti_Uru

😂😂😂 Aligeuka nayo! Nimecheka mpaka mteja kaniuliza kuna nini.

#8 Kiti_cha_Mbele

Kesi imefungwa. Mshtakiwa ni katoni.

#9 Mgumu_Zamani (Marangu)

Haijafungwa, mangi. Nimebeba mizigo njia ya Marangu miaka mingi, mpaka mgongo uliponiambia basi. Mzungu ukimwambia pole pole anatii, tena anaogopa. Mtanzania anapanda kama anawahi Costa ya mwisho. Kilomita 2 za mwanzo pale getini njia ni pana na laini, watu wanakwenda mbio, wanacheka, wanapiga picha. Ukifika kwenye zile meza za kupumzikia, karibu katikati, miguu imeshakopa na riba inaanza kudaiwa.

Kipimo changu ni kimoja. Mtu asimulie habari ya msiba, toka simu ilipopigwa mpaka maziko, bila kukata pumzi. Akishindwa, mwendo umezidi. Yule mama wenu nina hakika hakusimama hata mara moja, na hakukimbia hata mara moja. Nimekosea?

#10 Soksi_Mbili

Hujakosea. Tulimpita getini tukamtania. Alitupita kwenye daraja la mbao, hakusema kitu.

#11 Kahawa_Chungu

Mmeruka mshukiwa mkubwa. Mleta uzi, wewe ni mnywaji wa kahawa?

#12 Soksi_Mbili

Kila siku, vikombe 3 kijiweni. Siku ile sikunywa, tuliondoka kahawa haijachemka. Mara ya mwisho ilikuwa jana yake saa 8 mchana.

#13 Kahawa_Chungu

Hesabu mwenyewe. Ulifika Mandara saa 7 au 8 mchana, siku nzima bila kahawa. Anayekunywa kila siku akikosa, kichwa huanza kati ya saa 12 na 24. Mwili unadai deni lake. Mlima unasingiziwa bure, tena mlima wenye mibuni mpaka mlangoni kwake. Ungebeba chupa ya chai yenye kahawa nzito, uzi huu usingekuwepo.

#14 Nesi_Mstaafu

Hilo la kahawa ni kweli kabisa, wagonjwa waliofungishwa chakula kabla ya upasuaji walikuwa wananilalamikia kichwa hichohicho. Lakini mweka hazina alitapika kwa deni gani? Naye anakunywa kahawa?

#15 Soksi_Mbili

Hanywi kahawa. Ila Jumamosi ile alikuwa Machame kwenye ubarikio wa mtoto wa dada yake. Sisemi zaidi, yeye ndiye anashika fedha zetu.

#16 Ngarenaro86

Mbege! Ndoo ya mbege imepanda mlima bila kulipa kiingilio 😂

#17 Mgumu_Zamani

Mbege usiitukane, chalii. Mbege ni chakula. Tatizo ni kulala saa 9 usiku.

#18 Hesabu_za_Njia

Wakuu, tuache kichwa kidogo tupange safari, Sabasaba haisubiri.

Neno "wastani" halina maana mpaka uweke namba. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti aitwaye Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Geti la Marangu liko kama mita 1,870, Mandara 2,700 na kitu. Njia ni kama kilomita 8. Kilomita 8 ni saa 1 na dakika 36. Kupanda mita 850 ni saa 1 na dakika 25. Jumla saa 3. Hapo ni mtu aliyezoea, hasimami. Kikoba cha watu 11 wenye simu za kupiga picha, weka saa 4 mpaka 4 na nusu. Kushuka saa 2 na nusu. Chakula na mapumziko saa 1. Mkitaka kufika kreta ya Maundi, ongeza dakika 15 mpaka 20 kwenda na nyingine kurudi.

Kwa hiyo mkianza saa 3 asubuhi, getini mnarudi kama saa 11 jioni. Mkianza saa 5 kama wengi wanavyofanya, mnakutana na giza msituni. Mlianza saa ngapi mwaka jana?

#19 Soksi_Mbili

Saa 5 kasoro. Tulimsubiri katibu, halafu pale getini tukapoteza muda kwenye malipo. Kumbe hakuna kulipa mkononi, wanakupa ankara yenye namba ya malipo, unalipia kwa simu, na mtandao ukawa unazunguka. Wawili hawakuwa na kitambulisho cha NIDA, ikabidi waeleze uraia wao kwa maneno.

#20 Binti_Uru

Walielezaje? Waliimba wimbo wa Taifa?

#21 Soksi_Mbili

Beti zote mbili, dada. Nakuapia.

#22 Ngarenaro86

Hesabu, piga na ya Miriakamba basi, vibanda vya kwanza vya Meru, uone Meru ilivyo bora. Twiga njiani, nyati, maporomoko ya Tululusia, ule mti mkubwa wa mkuyu uliojitengeneza kama lango. Nani anataka kuangalia miti mitupu siku nzima?

#23 Hesabu_za_Njia

Geti la Momella liko kama 1,500, Miriakamba 2,514. Unapanda mita 1,000, yaani zaidi ya Mandara, ingawa unaishia chini zaidi. Njia ni mbili: fupi yenye mwinuko mkali na ndefu inayozunguka kwenye huo mti. Ndefu kwenda na kurudi siku moja kwa kikundi kile kilichogeuza na katoni? Hapana mkuu.

#24 Mlinzi_wa_Bustani (Usa River)

Naongeza. Meru hamruhusiwi kutembea bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo. Siyo mapambo. Maana yake kikundi kinakwenda mwendo mmoja, aliyechoka hawezi kugeuza peke yake kama walivyofanya wenzenu Marangu. Ama wote mnaendelea ama wote mnarudi. Kwa kikundi mchanganyiko hilo ndilo jambo la kwanza kulifikiria, kabla hata ya pesa.

Wale 3 waliogeuza, kama wapo tena, wapelekeni ziwa Duluti pale Tengeru. Unazunguka ziwa kwenye kivuli, hakuna mlima. Samaki wa kukaanga hapohapo jirani.

#25 Kiti_cha_Mbele

Duluti wanasema halina mwisho chini, kweli?

#26 Mlinzi_wa_Bustani

Ni ziwa la kreta, kina kipo. Kila mvuvi atakutajia mita zake na zinaongezeka kadri unavyonunua samaki.

#27 Binti_Uru

Naona Materuni mnaikwepa makusudi. Mimi ni wa hukohuko. Kutoka mjini ni kama kilomita 15, unapita Uru, gari linafika kijijini. Kutoka hapo unatembea kama dakika 45 mpaka saa moja kati ya migomba na kahawa, unapishana na mifereji ya maji waliyochimba mababu, mpaka kwenye maporomoko. Yanashuka kama mita 80, ukikaribia unalowa bila kuguswa. Halafu mnarudi kukoboa, kukaanga na kutwanga kahawa kwa nyimbo, mnakunywa mliyotwanga wenyewe. Mama wa 58 atapenda, na deni la Soksi litalipwa papo hapo.

#28 Fundi_Saa

Dada Uru, Materuni ni nzuri lakini ni nusu siku. Hawa wanataka kulipiza kisasi.

#29 Binti_Uru

Mvua ikiwa imenyesha usiku, njoo na raba zako laini ushuke pale kwenye udongo mwekundu, halafu uniambie nusu siku. Utashuka kwa makalio.

#30 Mfugaji_Mjini

Kwa nini hakuna anayetaja Longido? Kutoka Arusha ni kama kilomita 80 barabara ya Namanga, lami tupu. Mlima una zaidi kidogo ya mita 2,600, na asubuhi angavu unaiona Meru upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Msituni kuna nyati humo pia, kwa hiyo unapanda na Mmasai wa pale anayejua. Ila kule juu mwishoni ni mwamba na mikono inahitajika, na safari nzima inakula saa 8 na zaidi. Si ya wastani, nakiri mapema kabla Hesabu hajaja.

#31 Hesabu_za_Njia

Nilikuwa naandika. Asante.

#32 Chipukizi_Ilboru

Na Napuru? Karibu na mjini, unatembea ndani ya mto.

#33 Mlinzi_wa_Bustani

Ndani ya mto kwenye korongo jembamba. Mvua ikinyesha juu ya Meru wewe huioni, ukuta wa maji unakukuta. Kiangazi nenda na mwenyeji. Masika usiende hata ukibembelezwa.

#34 Raba_za_Memorial

Jamani viatu! Mnaongea kilomita mnasahau miguu. Mwaka juzi nilinunua buti kali la mlima soko la Memorial, la ngozi, halijatumika hata kidogo, soli bado ina alama za kiwandani. Nikajiona mjanja. Kilomita ya 3 soli ya kulia ikaachia yote, kama mdomo wa mamba. Kilomita ya 4 ya kushoto. Nimeshuka Marangu nimefunga viatu kwa kamba ya mgomba. Gundi feki za mitumba hizi.

#35 Fundi_Viatu_Majengo

Siyo gundi, kaka. Mimi ndiye ninayewashonea. Kati ya soli ya chini na ngozi kuna sponji. Sponji ile ikikaa miaka stoo, unyevu wa hewa tu unaila pole pole ikiwa imelala, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa macho ni kizima. Ukikikanyagia siku moja kinakuwa unga. Kiatu kilichovaliwa kila wiki mara nyingi kinadumu kuliko kile kipya cha miaka 12. Ukiwa Memorial, bonyeza sponji kwa kucha ya gumba. Ikibonyea na kubaki na shimo, au ikatoa unga, rudisha. Na buti unalolitegemea, pitisha uzi wa nailoni soli nzima kabla ya safari.

#36 Raba_za_Memorial

Bado nasema gundi. Ila asante, nitapima kwa kucha.

#37 Mgumu_Zamani

Mama alipanda na raba mtoni kwa sababu ni nyepesi. Kilo moja mguuni inachosha kuliko kilo kadhaa mgongoni, muulize mgumu yeyote. Ila kwenye kushuka raba mtoni inaua vidole. Kaza kamba ya juu kabla ya kushuka, kisigino kikae nyuma, la sivyo kucha zinageuka nyeusi. Na soksi vuta juu ya suruali. Siafu wa msitu ule hawaulizi umetoka kikoba gani.

#38 Soksi_Mbili

Hilo la kushuka mbona hakuna anayelieleza? Kupanda nilihema tu. Kushuka magoti yaliniuma, na siku ya pili niliteremka ngazi za benki kinyumenyume watu wakiniangalia.

#39 Nesi_Mstaafu

Ukishuka, msuli wa paja unafanya kazi ya breki: unakaza huku unavutwa kuwa mrefu. Kazi ya namna hiyo inachana nyuzi ndogo ndogo za msuli, maumivu yanakuja kesho yake na kesho kutwa. Fimbo mbili zinapunguza. Hatua fupi pia. Na ukishuka kilima mara moja moja wiki chache kabla, mwili unajifunza.

#40 Fundi_Saa

Au alishuka anakimbia. Wote waliokwenda Mandara hushuka wanakimbia.

#41 Soksi_Mbili

Kulikuwa na wingu linatukimbiza, Fundi.

#42 Kiti_cha_Mbele

Hapo kwenye wingu! Kwa nini nikileta mgeni mlima unajifunika? Nyumbani wanasema mlima haumpendi mgeni anayeunyooshea kidole.

#43 Hesabu_za_Njia

Jua likipiga miteremko, hewa inapata joto na kupanda, inabeba unyevu wa msituni na mashambani, ikifika juu inapoa na kuwa wingu. Ndiyo maana alfajiri Kibo iko wazi, saa 4 imekwisha, jioni inajitokeza tena. Julai pia upepo wa kusini mashariki unaleta ukungu wa baridi upande wetu siku nzima. Na baridi yenyewe: kila mita 1,000 toa nyuzi kama 6. Moshi ikiwa 25, Mandara ni 14 hivi, na umelowa jasho.

#44 Mgumu_Zamani

Na kidole usinyooshe vilevile.

#45 Mwalimu_wa_Historia_B

Nachomekea tu. Mkiwa getini someni vile vibao. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1898 kupitia Marangu, na mwenyeji wao tunatajiwa Yohani Kinyala Lauwo.

#46 Hesabu_za_Njia

1889, mwalimu. Oktoba. Umegeuza tarakimu.

#47 Mwalimu_wa_Historia_B

Kweli, 1889. Kidole kimeteleza. Wanafunzi wangu wasione hapa.

#48 Mgumu_Zamani

Na wagumu waliobeba vyakula vyao majina yao mangapi mnayajua? Haya, endeleeni na vichwa.

#49 Soksi_Mbili

Jana tumepiga kura: 6 Mandara, 4 Materuni, 1 nyama choma. Tunarudi Mandara. Nimeandika ushauri wenu wote kwenye karatasi. Nitaleta mrejesho.

#50 Soksi_Mbili (mrejesho)

Wakuu, tumerudi, hatujaaibika. Tulikwenda 9, wawili walichagua Materuni na wametuma picha wakiwa wamelowa.

Tumeondoka Moshi saa 12. Uji wa ulezi na mayai mawili kila mtu. Himo tukasimama nikanywa kahawa. Kila mtu lita 2 zake mgongoni, katoni marufuku. Viazi vya kuchemsha, chumvi na ndimu kwenye mfuko. Malipo tulishughulikia mapema, NIDA zote mkononi. Mwongozaji alitupokea, tukaanza saa 3 na dakika 10. Mama wa 58 tukamweka mbele na sheria moja: hakuna wa kumpita. Mweka hazina aliapa hakwenda sherehe wiki nzima.

Mbega tumewaona wengi, wanaruka na ile mikia myeupe kama mashuka. Pia tumeonyeshwa kile kiua chekundu na njano kilichojikunja kama mkonga wa tembo, kinaota Kilimanjaro tu. Mwaka jana nilipita nacho sikukiona, nilikuwa naangalia saa. Saa 7 na robo wote 9 tuko Mandara. Kichwa changu safi! Mweka hazina alikula hadi viazi vya katibu. Tukaenda Maundi, ukungu mtupu, Kenya yenyewe hatukuiona, ila miti ina ndevu za kijivu mpaka inatisha.

Sasa hili hapa. Kijana wa miaka 24, mcheza mpira, kichwa kimempasuka kuanzia kwenye meza za kupumzikia mpaka tunarudi getini. Alikula, alikunywa maji, kahawa hanywi maishani, hakumpita mama. Elezeni.

#51 Nesi_Mstaafu

Mwinuko hauangalii umri wala mazoezi, vijana wenye nguvu unawashika sana tu. Nilisema.

#52 Fundi_Saa

Mama, meza zile ziko chini hata ya mita 2,500! Alikunywa maji kiasi gani? Mtu akimaliza maji mengi matupu bila chumvi napo kichwa kinauma.

#53 Kahawa_Chungu

Soksi kanywa kahawa, kapona. Sina la kuongeza.

#54 Mgumu_Zamani

Soksi kaenda pole pole, kapona. Mimi ndiye sina la kuongeza.

#55 Hesabu_za_Njia

Hamna mshindi hapa. Mmebadilisha vitu sita kwa mpigo: chakula, maji, kahawa, mwendo, usingizi, saa ya kuanza. Tutajuaje kipi kilimponya? Ilitakiwa Soksi apande mara sita, kila mara anabadilisha kimoja.

#56 Soksi_Mbili

Nilipie kiingilio mara sita ili wewe upate jibu? Njoo ulipe wewe.

Kijana nimembana. Usiku ule aliangalia mpira akalala saa 8. Tena njia nzima alivaa kofia ya sufu inayobana na vile vidude vya muziki masikioni.

#57 Binti_Uru

Muziki gani? Isije ikawa hiyo ndiyo sababu.

#58 Raba_za_Memorial

Begi pia. Kama mikanda ilibana shingo, kichwa kinauma. Yalishanikuta.

#59 Kiti_cha_Mbele

Mama wa 58 anasemaje? Mbona hakuna anayemuuliza?

#60 Soksi_Mbili

Nilimuuliza tukiwa kwenye Costa. Akasema yeye kwao ni Marangu juu, tangu darasa la pili alikuwa anashuka sokoni na mkungu kichwani na kupanda nao usipouzwa. Kuhusu kijana akasema, "Huyo mpeni mtori alale."

#61 Ngarenaro86

Nane Nane mlete huyo mama Meru. Askari wa hifadhi namtafuta mimi.

#62 Soksi_Mbili

Kashakubali, kauliza nyati wako upande gani. Fundi wa Majengo, nakuletea buti Jumatatu, nimebonyeza kwa kucha na shimo limebaki.

#63 Fundi_Viatu_Majengo

Lete yote mawili, usilete la kulia tu kama mwenzako.